Njia ya msituni ya Momella: siku moja ya gari, usiku mmoja wa hema

Wakazi wengi wa Arusha wa rika langu waliiona Hifadhi ya Taifa ya Arusha mara moja tu, wakiwa wamebanana kwenye basi la shule. Walihesabu twiga, wakala mkate na mayai ya kuchemsha kando ya ziwa, kisha wakarudishwa mjini kabla jua halijazama. Mimi ni mmoja wao, na kwa zaidi ya miaka ishirini niliamini kwamba hifadhi hiyo ni shughuli ya asubuhi moja, ya kumpeleka mgeni ambaye hana muda wala fedha za kufika Serengeti. Mwishoni mwa Agosti nilirudi na familia yangu kwa gari la kukodi, tukapanda njia ya msituni inayotoka lango la Momella hadi Kitoto, mahali pa juu pa kutazamia mandhari, tukalala kwenye hema chini ya kilima cha Tululusia. Maoni niliyorudi nayo ni kwamba njia hiyo ndiyo kitu bora katika hifadhi nzima, na anayeipita mchana kisha akatoka jioni amelipa kiingilio kizima akapata nusu ya alichokilipia.

Kufika hakuna ugumu. Ukishika barabara ya Moshi unapita Tengeru na Usa River, kisha unakata kushoto, na baada ya kilomita chache za migomba na kahawa uko kwenye lango la Ngurdoto. Malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu. Unapewa namba ya malipo ukalipa kwa simu, au unatumia kadi ya benki, kwa hiyo hakikisha salio na chaji ya simu ukiwa bado nyumbani. Tulimkuta baba mmoja pale langoni ameshika noti mkononi na simu iliyozimika, watoto wakimtazama kutoka ndani ya gari, na huruma tuliyomwonea haikumsaidia mpaka shemeji yangu alipomwazima chaja. Mtanzania asisahau kitambulisho, kwa kuwa kiingilio cha mwananchi ni tofauti kabisa na cha mgeni. Ada ya kupiga kambi nayo inalipwa mbali na kiingilio, na ni vyema kuzimaliza zote kwa pamoja.

Upande wa Ngurdoto nitaupita haraka. Uwanda wa Serengeti Ndogo una nyati, pundamilia na ngiri karibu na barabara. Kreta ya Ngurdoto, yenye upana wa takriban kilomita 3, hutazamwa kutoka ukingoni tu, kwa sababu wageni hawaruhusiwi kushuka ndani, na kwa maoni yangu katazo hilo ndilo linaloifanya ivutie. Maziwa ya Momella yana maji ya magadi na kila moja lina rangi yake, na heroe huonekana pale wanapojaliwa. Yote hayo ni mazuri, na yote unaweza kuyamaliza kabla ya chakula cha mchana, kama tulivyofanya miaka ile ya basi la shule.

Safari ninayoizungumzia inaanza baada ya lango la Momella, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Hapo ndipo wapandaji wa Mlima Meru wanapoanzia, na njia ya gari tuliyoifuata ndiyo hiyohiyo ambayo baadhi yao huipanda kwa miguu kuelekea kibanda cha Miriakamba, kilicho mita 2,514. Tulipewa askari wa hifadhi wa kutusindikiza, kijana mpole mwenye bunduki begani, ambaye binti yangu alimwamkia kwa sauti ya darasani na yeye akaitikia “marahaba” kwa uzito wa babu. Mimi aliniita mzee tangu dakika ya kwanza. Sijafika miaka hamsini, lakini msituni mtu hajadiliani na mwenye bunduki.

Kwa mtu anayetarajia barabara iliyolala ubavuni mwa mto mwanzo hadi mwisho, ni haki aelezwe mapema kwamba sivyo ilivyo. Mto na vijito vyake huvioni muda mwingi, unavisikia. Unapanda kwa gia ya kwanza na ya pili katikati ya mitarakwa na mipodo iliyoota ndevu za kijivu, mara sauti ya maji inatoka kulia chini bondeni, mara inapotea kwenye kona, kisha inarudi kushoto, na ghafla maji yenyewe yanakatiza mbele ya gari. Ndiyo maana nashauri madirisha yashushwe hata kukiwa na baridi, na injini izimwe kila inapowezekana. Abiria aliyefunga kioo na kuwasha redio hataona sababu ya kusifu njia hii, kwa kuwa msitu mnene ukiutazama kwa macho peke yake ni ukuta wa majani.

Katika moja ya vituo hivyo vya kuzima injini tuliwapata mbega. Mwanzo yalianguka majani machache, kisha tawi likainama, ndipo tukawaona saba au wanane wamekaa juu kabisa, weusi, na yale mashuka meupe yanayotoka mabegani hadi kwenye mkia yakining'inia kama nguo zilizoanikwa. Askari alimweleza binti yangu kwamba mbega hana kidole gumba, na kwamba hula majani zaidi ya matunda. Tangu hapo mtoto alikataa tuondoke mpaka ahakikishe habari ya kidole gumba kwa darubini. Ilichukua muda mrefu, kwa sababu mbega hawanyooshi mikono kwa faida ya wanafunzi, lakini mmoja alipolishika tawi lililokuwa karibu zaidi tukahesabu sote kwa sauti ya chini: vidole vinne. Kima tuliwakuta chini zaidi, wengi na wasio na aibu, na kuhusu hao nitarudi nikifika kwenye habari ya chakula.

Kivutio kinachotajwa na kila mtu kwenye njia hii ni upinde wa mkuyu, na safari hii kila mtu yuko sahihi. Mti wa jamii hiyo huanza maisha kama mbegu iliyodondoshwa na ndege kwenye panda ya mti mwingine, ukateremsha mizizi hadi ardhini, na mizizi hiyo ikanenepa na kumkaba mwenyeji wake mpaka akafa na kuoza. Hapa mizizi imeshuka pande mbili za njia na kuacha mlango katikati, na gari la abiria linapita chini yake bila kugusa. Inasemekana tembo nao walichangia kuupanua kwa kupita na kujisugua. Mke wangu alishuka, kwa ruhusa ya askari, akaweka kiganja kwenye mzizi mmoja uliokuwa mnene kuliko pipa la maji, akasema una baridi kama ukuta wa kisima. Nilijaribu na mimi, na ni kweli, ingawa jua lilikuwa limeshapanda. Magari mawili ya wageni yalifika nyuma yetu, yakapiga picha, yakageuza na kushuka, na kwa muda wote uliobaki tukipanda hatukukutana na gari jingine.

Baada ya upinde njia inakuwa mbaya zaidi, na msomaji mwenye gari dogo la mjini asidanganywe na jina la barabara. Tulipita uwazi wa Itikoni, ambako nyati walikuwa wamelala kwenye nyasi wakicheua na kututazama kwa ile sura yao ya mdai, kisha tukafika kwenye kijito kikubwa kinachokatiza njia juu kidogo ya maporomoko ya Maio. Hapo ndipo tulipogundua tulichokodi mjini.

Gari lilikuwa limetangazwa kuwa lina uwezo wa kusukuma kwa magurudumu yote manne, na lever ya kazi hiyo ilikuwepo, imeng'arishwa vizuri. Niliivuta, taa yake ikawaka kwenye dashibodi, na gari likaingia majini na kusimama katikati, magurudumu ya nyuma yakizunguka juu ya mawe yenye utelezi huku ya mbele yakiwa yametulia kama hayahusiki. Shemeji yangu, ambaye ni fundi, alichungulia chini na kusema maneno ambayo sitayaandika. Alichomaanisha ni kwamba shafti inayopeleka nguvu mbele ilikuwa imeondolewa siku nyingi, na taa ilikuwa ya kutufariji tu. Askari alivua viatu, akaingia majini hadi magotini, akaanza kupanga mawe bapa mbele ya matairi bila haraka. “Mzee, rudi nyuma kidogo,” aliniambia, “halafu njoo polepole, usikanyage mafuta kwa hasira.” Nilikuwa nakanyaga kwa hasira, kweli. Jaribio la tatu lilitutoa, lakini tulikuwa tumepoteza takriban saa nzima.

Saa hiyo ilitugharimu mandhari ya Kitoto. Kwa kawaida kutoka pale unayaona maziwa ya Momella yamelala chini kama vioo vilivyotupwa majanini, na hewa ikiwa safi Kilimanjaro husimama ng'ambo ya tambarare zote. Tulipofika, mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye vilele vya miti na tulichokiona ni weupe, tena weupe wenye unyevu uliotulowesha nyusi. Lawama si za mahali. Katika milima hii mawingu hukusanyika kadiri siku inavyosonga, na anayeitaka Kitoto sharti aanze kupanda mara tu lango linapofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, badala ya kuanzia Ngurdoto kama sisi. Kama ningepanga upya, ningepitia Momella siku ya kwanza, ningelala kambini, kisha ningepanda msituni alfajiri ya siku ya pili, na maziwa na kreta ningeviweka mwisho, wakati wa kurudi.

Kambi za umma zilizo karibu na lango la Momella ziko chini ya kilima cha Tululusia, pembeni mwa msitu. Ni sehemu za kawaida za nyasi zenye huduma za msingi, na mtu anayetaka kitanda, taa na soda baridi atafute nyumba ya wageni nje ya hifadhi bila kujilaumu. Sisi tulibeba vyote: jiko dogo la gesi, sufuria mbili, maji, mahema, na loshoro aliyoipika mama mkwe nyumbani Tengeru, mahindi yaliyolainika hadi kupasuka, yakachanganywa na mtindi. Loshoro ina sifa moja ya kambini isiyosemwa: inalika ikiwa baridi, na mtoto akiwa na usingizi hahitaji kutafuna sana. Ndizi mbivu tulizokuja nazo hatukuzila. Niligeuka kufunga kamba ya hema, na kima mmoja akashuka, akachukua chane nzima kwa mikono yote miwili na kutembea nayo kwa miguu ya nyuma hatua tano au sita, kama mtu anayebeba mtoto, kabla ya kupanda mti. Chakula chochote kikae ndani ya gari na milango ifungwe. Hata chumvi.

Usiku ulikuwa ndio kilele cha safari. Watu wa magari ya mchana wanapoondoka, saa kumi na mbili jioni, maji yanaanza kusikika kutoka mahali ambapo mchana hukuyafikiria, na unatambua kwamba kijito kilikuwa karibu nawe muda wote. Baridi ya Agosti hapo si ya kuchezea. Tulivaa masweta mawili-mawili na bado mke wangu alilala na kofia. Kama saa nne hivi likaanza jambo ambalo hakuna aliyenionya. Sauti ilitoka juu ya mti, ikianza kama mlango mbovu unaofunguliwa taratibu, ikapanda, ikawa mayowe kamili ya mtu anayekabwa, kisha ikakatika. Mke wangu alinishika mkono na kuniuliza kama nimesikia. Nilikuwa nimesikia. Ikajibiwa na nyingine ng'ambo ya kijito, na ya tatu juu zaidi mlimani, na kwa muda mfupi msitu mzima ulikuwa unapiga mayowe kwa zamu. Askari alitueleza asubuhi, akijitahidi asicheke, kwamba ni perere, mnyama wa manyoya asiyemzidi sungura kwa ukubwa, anayeishi mitini na kutangaza mipaka yake usiku. Binti yangu alilala kupitia yote hayo na hadi leo anatudai usiku mwingine.

Kuhusu maji nina neno la tahadhari, na ningependa lichukuliwe kwa uzito. Maji ya miteremko ya Meru upande huu, pamoja na uzuri wake wote wa kusikilizwa, yana madini mengi ya floraidi yanayotoka kwenye miamba ya volkano. Wenyeji wa Arusha hatuhitaji kuhubiriwa hilo, kwa kuwa tumekua tukiwatambua ndugu zetu wa vijiji fulani kwa rangi ya kahawia kwenye meno. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya eneo hili hukizidi mara kadhaa. Watu husahau kwamba kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani kwa mvuke, iliyobaki inazidi kukolea. Usiku mmoja haumharibu mtu meno, lakini sioni sababu ya mtoto kunywa maji hayo wakati madumu mawili ya lita ishirini yanaingia nyuma ya gari bila shida. Ya kijito tulioshea vyombo.

Asubuhi mlima ulitulipa deni la Kitoto. Saa kumi na mbili na nusu ukungu ulikuwa umeshuka mabondeni na Meru ikasimama wazi juu yetu, mita 4,566, mlima wa pili kwa urefu nchini. Kutoka mjini tumezoea kuuona umekamilika kama pia iliyopinduliwa, lakini upande huu wa mashariki unaonekana ulivyo: ukuta mkubwa uliovunjika, wazi kama chungu kilichopasuka mdomo, na ndani yake koni ya majivu. Ukuta huo wa mashariki uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, na vifusi vyake vilimwagika hadi huku chini, ndiyo maana pana vilima-vilima vingi na mabonde yaliyojaa maji ya Momella. Mlima huu ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910, nao ulikuwa mlipuko mdogo wa majivu. Nilikunywa chai nikiutazama, na chai ikapoa.

Kabla ya kurudi tulitembea kwa miguu na askari hadi maporomoko ya Tululusia, tukipita uwanda wa nyati ambao mtu haruhusiwi kuuvuka bila mwenye silaha. Ng'ambo ya lango barabara inaendelea hadi Ngare Nanyuki, jina la Kimaasai lenye maana ya maji mekundu. Shemeji yangu ni Mmeru na hakuweza kupita kimya. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru takriban 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa kuwasilisha malalamiko yao. Wakati huo hifadhi haikuwepo. Ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la kreta ya Ngurdoto, na mlima ukaingizwa mwaka 1967. Alisimulia hayo akiwa ameegemea gari bovu, akionyesha kwa kidole mahali babu yake alipokuwa na ng'ombe, na binti yangu akasahau mbega kwa muda.

Kwa hiyo kwa upande wa hifadhi, njia yenyewe ninaipa alama za juu, na ningempeleka mtu yeyote ambaye hana haraka. Asiyefaa ni yule anayetaka simba, kwa kuwa hapa hawapo, na tembo wa msitu wa juu hawajionyeshi ovyo. Asiende pia wakati wa masika, Machi hadi Mei, labda kama anafurahia kusukuma gari kwenye udongo wa majivu uliogeuka sabuni. Mwenye gari la chini aishie kwenye upinde wa mkuyu, na langoni aulize hali ya njia ya juu kabla ya kujiaminisha.

Upande wa gari ni habari nyingine. Mwenye kukodisha sitamtaja hapa, lakini anayekodi gari la kupanda msituni asikubali kuonyeshwa lever na taa. Apeleke gari kwenye kokoto zilizolegea kabla ya kulipa, aingize magurudumu manne, mtu mmoja akae nje atazame kama ya mbele yanachimba. Hema nalo alifungue na kulisimamisha palepale dukani, hata kama muuzaji atanuna. Letu lilikuwa na vigingi vinne kati ya kumi, na usiku ule kona mbili tulizifunga kwenye bampa. Nilipolirudisha gari nilieleza habari ya shafti kwa utaratibu, na mwenye gari akanijibu kwamba wateja wengi hawafiki huko juu. Baada ya hapo akakata sehemu ya dhamana yangu kwa sababu ya tope kwenye viti.